Draiva ya kadi ya grafiki imegoma baada ya kusasisha kerneli ya Linux: dalili, chanzo na tiba

Umesasisha mfumo, umewasha kompyuta upya, na sasa skrini ni nyeusi, au imekuja na maandishi makubwa ya 1024×768, au `nvidia-smi` inalalamika kwamba haioni draiva. Usikimbilie kufuta draiva na kuisakinisha upya. Anayeanza na hilo mara nyingi huishia na matatizo mawili badala ya moja, maana kilichokosekana kwa kawaida si draiva nzima bali kipande kimoja tu, na kipande hicho hujulikana kwa amri chache.

Draiva ya NVIDIA ina pande mbili. Upande mmoja ni moduli za kerneli, yaani vipande vinavyopakiwa ndani ya kiini cha mfumo: `nvidia`, `nvidia-modeset`, `nvidia-drm` na `nvidia-uvm`. Upande wa pili ni maktaba ambazo programu zako huzitumia. Moduli hujengwa kwa ajili ya kerneli moja mahsusi na kuwekwa ndani ya `/lib/modules/` kwenye folda yenye jina la kerneli hiyo. Watengenezaji wa Linux hawajawahi kuahidi kwamba sehemu za ndani za kerneli zitabaki vilevile kutoka toleo hadi toleo, kwa hiyo kerneli mpya ikija huja na folda yake, na `modprobe`, amri ya kupakia moduli, haitazami folda ya kerneli nyingine. Mtu au programu fulani lazima ijenge moduli upya. Karibu kila tatizo lililoelezwa hapa ni namna fulani ya kazi hiyo kutofanyika, kufanyika nusu, au kufanyika kisha ikakataliwa.

Kadi za AMD na Intel hazina shida hii kwa sababu draiva zake huja ndani ya kerneli yenyewe. Zina shida zao nyingine, nazo zimeelezwa karibu na mwisho.

Pata kwanza mahali pa kufanyia kazi

Kompyuta inapowaka, bonyeza Esc (mashine za UEFI) au shikilia Shift (BIOS za zamani) mpaka menyu ya GRUB (programu inayouwasha mfumo) itokee. Ingia "Advanced options", chagua kerneli iliyotangulia. Ikiwaka vizuri umepata vitu viwili kwa mpigo: mahali pa kufanyia kazi, na uthibitisho kwamba kadi ni nzima.

Ikiwa huna kerneli ya zamani, jaribu Ctrl+Alt+F3 upate terminali ya maandishi. Hiyo nayo ikiwa nyeusi, rudi GRUB, bonyeza `e`, tafuta mstari unaoanza na `linux`, ongeza `nomodeset` mwishoni mwake, kisha Ctrl+X. Badiliko hilo hudumu kwa uwashaji mmoja tu, na ndivyo linavyotakiwa kuwa. `nomodeset` si dawa. Wapo wanaoliandika moja kwa moja kwenye `/etc/default/grub` na kulisahau, halafu miezi baadaye wanashangaa kwa nini `amdgpu` (draiva ya AMD), `i915` (ya Intel) au `nouveau` (ya msimbo wazi kwa kadi za NVIDIA) hazishiki kadi. Haziwezi: zimeambiwa zisishike.

Amri za uchunguzi

Hizi ziendeshwe ndani ya kerneli *mpya*, ile yenye tatizo, kwa sababu nyingi hujibu kuhusu kerneli inayotumika sasa hivi:

```
uname -r
lspci -nnk | grep -A4 -E 'VGA|3D|Display'
modinfo -F vermagic nvidia
dkms status
mokutil --sb-state
sudo dmesg | grep -iE 'nvrm|nvidia|nouveau|amdgpu|firmware'
```

Kwenye matokeo ya `lspci` tafuta mstari wa `Kernel driver in use`. Ukisema `nvidia`, moduli imepakiwa na tatizo liko juu zaidi, kwenye maktaba au mazingira ya eneokazi. Ukisema `nouveau`, kadi imeshachukuliwa na draiva nyingine. Mstari huo usipokuwepo kabisa, hakuna aliyeshika kadi, na picha unayoiona inachorwa na prosesa. Katika hali hiyo `glxinfo -B` itakuonyesha neno `llvmpipe`.

Sasa soma `dkms status` pole pole. DKMS ndiyo programu inayojenga moduli upya kila kerneli mpya inapokuja. Tuseme `uname -r` imejibu `6.8.0-45-generic`, na DKMS inasema hivi:

```
nvidia/550.120, 6.8.0-40-generic, x86_64: installed
```

Neno `installed` humfariji msomaji mwenye haraka, lakini tazama namba: ni 40, si 45. Moduli ipo kwa kerneli ya jana. Na ukiona `added` peke yake bila namba ya kerneli, msimbo chanzo umewekwa lakini haujawahi kujengwa.

Dalili: `Module nvidia not found in directory /lib/modules/...`

Moduli haikujengwa. Sababu inayoongoza ni kukosekana kwa heda za kerneli (mafaili yanayohitajika kujengea moduli), na DKMS husema hivyo bila kuficha: `Your kernel headers for kernel ... cannot be found`. Kwa Ubuntu (amri hizi nazo ziendeshwe ndani ya kerneli mpya):

```
sudo apt install linux-headers-$(uname -r) linux-headers-generic
sudo dkms autoinstall
```

Kifurushi cha kwanza kinatibu leo, cha pili kinazuia tatizo lisirudi mwezi ujao, kwa kuwa huvuta heda za kila kerneli mpya. Kwenye Debian kifurushi hicho cha pili huitwa `linux-headers-amd64`. Anayetumia kerneli ya HWE (kerneli mpya zaidi inayotolewa kwa toleo la zamani la Ubuntu) kwenye Ubuntu 22.04 anahitaji `linux-headers-generic-hwe-22.04`. Kwenye Arch, heda lazima zilingane na aina ya kerneli: `linux-headers` kwa `linux`, `linux-lts-headers` kwa `linux-lts`.

Ubuntu ina mtego mmoja. Huenda `dkms status` isionyeshe chochote na bado mambo yakawa sawa, kwa sababu Ubuntu hutoa pia moduli zilizokwisha kujengwa na kutiwa sahihi, kwenye vifurushi vya jina la `linux-modules-nvidia-550-generic`. Kifurushi hicho kimefungwa na aina ya kerneli. Ukihama kutoka kerneli ya kawaida kwenda HWE bila kuhamisha kifurushi cha moduli, kerneli mpya inakuja mikono mitupu. Angalia ulicho nacho:

```
dpkg -l | grep -E 'linux-image-generic|linux-modules-nvidia|nvidia-dkms'
```

Kisha sakinisha kile chenye mkia unaolingana, mfano `linux-modules-nvidia-550-generic-hwe-22.04`.

Kwa Fedora, wengi hutumia `akmod-nvidia`, kifurushi kinachojijengea moduli, kutoka RPM Fusion (hazina ya vifurushi vya ziada). Ujenzi hufanyika nyuma ya pazia baada ya `dnf` kumaliza, na huchukua dakika kadhaa. Ukiwasha upya mara tu `dnf` inaporudisha alama ya amri, unaukata katikati. Subiri dakika tano hivi. Ikiwa umeshachelewa:

```
sudo dnf install kernel-devel-$(uname -r)
sudo akmods --force
sudo dracut --force
```

Watumiaji wa Arch wana hali moja inayofanana na ugonjwa kumbe si ugonjwa: baada ya `pacman -Syu`, folda ya moduli ya kerneli inayoendelea kutumika huondolewa diskini. Mpaka uwashe upya, `modprobe` itashindwa kwa karibu kila kitu, hata flashi uliyoichomeka sasa hivi. Washa upya kwanza ndipo uanze kutafuta kosa.

Dalili: `Bad return status for module build`

Heda zipo, ujenzi ulianza, ukafeli. Jibu liko kwenye `make.log`, na njia yake imeandikwa kwenye ujumbe wenyewe, kwa kawaida chini ya `/var/lib/dkms/nvidia/`. Usisome mistari ya mwisho. Hiyo ni `make` inayotangaza msiba tu. Tafuta kosa la kwanza:

```
grep -n -m5 -iE 'error|No space' /var/lib/dkms/nvidia/*/build/make.log
```

Kosa la kompaila hujitambulisha kwa bendera (chaguo la amri) isiyojulikana. Mfano halisi ni Ubuntu 22.04: kerneli ya HWE 6.5 ilijengwa kwa GCC 12 ilhali kompaila ya kawaida ya toleo hilo ni GCC 11. Logi ikasema `unrecognized command-line option '-ftrivial-auto-var-init=zero'`. Tiba ni `sudo apt install gcc-12`, kisha `sudo dkms autoinstall`. Kujua kerneli yako ilijengwa na kompaila gani, soma `cat /proc/version`.

Kosa la draiva iliyopitwa na wakati huonekana kama `implicit declaration of function` au `too few arguments to function`. Kerneli imebadilisha jina au umbo la kitendakazi, na draiva bado inaita kwa namna ya zamani. Hapa hakuna heda wala kompaila itakayokusaidia. Ama upate toleo jipya zaidi la draiva, ama ubaki kwenye kerneli ya zamani.

Kuna lile la leseni, `GPL-incompatible module nvidia.ko uses GPL-only symbol '__rcu_read_lock'`. Liliwapata watumiaji wengi wa Debian 12.5 ilipotoka Februari 2024 na kerneli 6.1.0-18. Hakukuwa na kosa la mtumiaji. Waliorudi 6.1.0-17 na kusubiri kifurushi cha draiva kilichorekebishwa walimaliza salama, na waliohangaika kubandika viraka vya kuokoteza walijitafutia kazi. Ujumbe wa aina hii ukitokea tena, fanya kama wale wa kwanza.

Na kabla hujapigana na draiva ya zamani, hakiki kwamba kadi yako bado inahudumiwa. Tawi (mfululizo wa matoleo ya draiva) la 390 ni la mwisho kwa kizazi cha kadi za Fermi, 470 kwa Kepler, na 580 kwa Maxwell, Pascal na Volta. Sasisho kubwa huweza kuleta kerneli na draiva kwa pamoja, draiva ikavuka tawi lako, na `dmesg` ikasema kadi yako inahudumiwa `through the NVIDIA 470.xx Legacy drivers`. Hapo urudishe tawi linalostahili. Upande wa pili wa rika kuna ujumbe kinyume: kadi za RTX 50 zinakubali moduli za msimbo wazi peke yake, na `dmesg` husema `requires use of the NVIDIA open kernel modules`. Kwenye Ubuntu chagua kifurushi chenye `-open` mwishoni. Moduli hizo hufanya kazi kuanzia Turing kwenda juu. Kwa Pascal usizijaribu.

Dalili: `Key was rejected by service`

Moduli ipo, imejengwa vizuri, lakini kerneli imekataa kuipakia. Hii ni Secure Boot. Ikiwa imewashwa, kerneli inataka kila moduli iwe na sahihi ya ufunguo unaoaminika, na DKMS hutia sahihi kwa ufunguo uliotengenezwa kwenye mashine yako. Ufunguo huo, unaoitwa MOK, lazima wewe mwenyewe uusajili mbele ya kompyuta.

Swali linaloulizwa kila mara ni kwa nini jana ilikubali. Majibu yapo machache. Huenda jana ulitumia moduli zilizotiwa sahihi na Canonical, na sasisho likakuhamishia DKMS. Huenda BIOS ilisasishwa pamoja na kerneli, ikawasha Secure Boot au ikafuta funguo zilizosajiliwa. Au kifurushi kilifutwa na kurudishwa, ukazaliwa ufunguo mpya usiojulikana. Hii ndiyo zawadi ya kawaida ya kufuta na kusakinisha upya bila kufikiri.

Angalia nani ametia sahihi na kama ufunguo umesajiliwa:

```
modinfo -F signer nvidia
sudo mokutil --test-key /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der
```

Njia hiyo ni ya Ubuntu. DKMS kwenye Debian 12 huweka ufunguo `/var/lib/dkms/mok.pub`, na akmods ya Fedora `/etc/pki/akmods/certs/public_key.der`. Ukiambiwa haujasajiliwa:

```
sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der
```

Utaombwa kubuni nenosiri. Ni la kutumika mara moja tu, na skrini utakayoliandikia hutumia mpangilio wa kibodi ya Marekani hata kama yako ni ya Kifaransa au Kijerumani. Chagua herufi ambazo hazihami mahali kati ya kibodi hizo. Epuka alama, na kwa Kifaransa epuka pia a, q, z, w, m na tarakimu. Washa upya. Itatokea skrini ya bluu inayosema ubonyeze kitufe chochote, na huhesabu sekunde 10 tu kabla ya kukupita kimya kimya. Anayekwenda kuchukua maji wakati huo hulazimika kuanza upya kutoka `--import`. Ukishaingia: Enroll MOK, Continue, Yes, nenosiri, Reboot.

Kuzima Secure Boot kwa muda ni njia halali ya kuthibitisha kwamba tatizo ni hili. Kuiacha imezimwa ni uamuzi wako, ila kwenye mashine yenye Windows iliyofungwa kwa BitLocker uwe na ufunguo wa kuokolea mkononi kabla ya kugusa mpangilio huo, kwa sababu Windows huenda ikauomba.

Dalili: `nouveau` imeshika kadi

Nouveau hujitokeza pale moduli ya NVIDIA ilipokosekana, kwa hiyo mara nyingi ni matokeo, si chanzo. Rekebisha kwanza ujenzi au sahihi. Ikiwa moduli ipo na bado nouveau inatangulia, faili la kuizuia limepotea au halikuingia kwenye initramfs (mfumo mdogo unaopakiwa mwanzoni mwa uwashaji). Andika `/etc/modprobe.d/blacklist-nouveau.conf`:

```
blacklist nouveau
options nouveau modeset=0
```

Halafu `sudo update-initramfs -u` (Debian na Ubuntu), `sudo dracut --force` (Fedora) au `sudo mkinitcpio -P` (Arch). Usiizuie nouveau ukiwa hujahakikisha `modinfo nvidia` inajibu. Utabaki huna draiva yoyote.

Dalili: `Driver/library version mismatch`

Maktaba ni za toleo jipya, moduli iliyopakiwa ni ya zamani. Kwa kawaida hutokea kwa sababu umesasisha draiva bila kuwasha upya, basi washa upya yaishe. Ikirudi baada ya hapo, linganisha `cat /proc/driver/nvidia/version` na `modinfo -F version nvidia`. Zikitofautiana, initramfs inabeba moduli ya zamani:

```
sudo update-initramfs -u -k all
```

Zikilingana na lalamiko likabaki, kuna maktaba za ziada mahali fulani. Mshukiwa mkuu ni faili la `.run` lililowahi kusakinishwa zamani juu ya vifurushi vya mfumo. Endesha `sudo nvidia-uninstall`, kisha sakinisha tena vifurushi vya mfumo. Hapa ndipo kusakinisha upya kunastahili. Anayesisitiza kutumia `.run` aiendeshe na `--dkms`, vinginevyo kila kerneli mpya itamrudisha mwanzo.

Ujenzi wa initramfs ukifeli kwa `No space left on device`, tazama `df -h /boot`. Sehemu tofauti ya `/boot` ikiwa ndogo hujaa haraka, hasa moduli za NVIDIA na programu dhibiti (firmware) zinapoingia kwenye kila initramfs. Tumia `sudo apt autoremove --purge` kuondoa kerneli kuukuu. Usifute mafaili ya `/boot` kwa `rm`. Msimamizi wa vifurushi ataendelea kuamini yapo.

Moduli imepakiwa, `nvidia-smi` inajibu, lakini eneokazi haliji

Angalia `sudo cat /sys/module/nvidia_drm/parameters/modeset`. Ikijibu `N`, Wayland (mfumo wa kisasa wa kuchora eneokazi) haitapata kadi. Ongeza `options nvidia-drm modeset=1` kwenye faili ndani ya `/etc/modprobe.d/`, kisha jenga initramfs upya.

Mwenye `/etc/X11/xorg.conf` aliyoiandika miaka iliyopita aihamishe kando kwanza (`sudo mv /etc/X11/xorg.conf /root/`) ajaribu bila yake. Hali kadhalika mipangilio iliyotaja `/dev/dri/card0` kwa jina: kwenye kerneli mpya `simpledrm` (draiva sahili ya mwanzo wa uwashaji) huweza kuchukua `card0` mapema, na kadi yako ikasogea kuwa `card1`. Tumia njia zilizo ndani ya `/dev/dri/by-path/`, hizo hufuata nafasi ya kadi kwenye PCI.

AMD na Intel

Mstari wa kutafuta ni `Direct firmware load for amdgpu/... failed with error -2`. Namba hiyo maana yake faili halipo: kerneli mpya inataka programu dhibiti ambayo mfumo haujapewa. Sasisha `linux-firmware` (Ubuntu, Arch), `firmware-amd-graphics` (Debian) au `amd-gpu-firmware` (Fedora), jenga initramfs upya, washa upya. Kwa `i915` utaratibu ni huohuo. Ikiwa mfumo unafanya kazi na mstari huo unaonekana tu kwenye logi, si lazima uushughulikie.

Ikiwa uliwahi kusakinisha `amdgpu-dkms` kutoka AMD, hiyo nayo ni moduli ya nje na inaweza kushindwa kujengwa kwenye kerneli mpya kama ya NVIDIA. Kwa matumizi ya kawaida ya skrini na michezo, iondoe (`sudo apt purge amdgpu-dkms`) na uache `amdgpu` ya kerneli ifanye kazi.

Safari ijayo, kagua kabla ya kuwasha upya

Baada ya kusasisha, kerneli mpya ipo diskini hata kama bado hujaiingia. Iulize kama ina moduli yake:

```
K=$(ls -1v /lib/modules | tail -n1); echo $K
modinfo -k "$K" -F vermagic nvidia
```

Ikijibu kwa namba ileile ya `$K`, washa upya. Ikisema `Module nvidia not found`, jenga sasa hivi kwa `sudo dkms autoinstall -k "$K"` ungali na skrini inayofanya kazi. Na kama kazi haiwezi kusubiri, zuia kerneli kwa muda: `sudo apt-mark hold linux-image-generic linux-headers-generic`, ukiachilia baadaye kwa `unhold`. Usiiache imezuiwa kwa miezi, maana sasisho za usalama za kerneli hupita mlango huohuo.